Dada wa iPhone na mdogo wake wa Samsung: nani kaibiwa?

"Mtaalamu, habari za kazi. Natumia iPhone 11 niliyoinunua mwaka 2019 ilipotoka, na kabla yake nilikuwa na nyingine ya kampuni hiyohiyo. Siku hizi inazimika ghafla ikiwa imebaki na chaji ya asilimia 30, na nikifungua kamera inachelewa mpaka ninachotaka kukipiga picha kimeshapita. Mdogo wangu wa kiume, mtu wa Samsung tangu zamani, alisema mbele ya familia nzima kwamba miaka yote hii nimeibiwa, kwamba Apple wanaziharibu simu za zamani makusudi ili tununue mpya. Nikamjibu kuwa zake ni takataka zinazolipuka. Tukarushiana maneno hadi mama akainuka mezani akaondoka. Hii ni wiki ya tatu hatusemeshani. Nataka kununua simu nyingine, lakini nikifikiria kuhamia Android naona kama nitakuwa nimemwambia 'umeshinda'. Nikibaki, naogopa isije ikawa kweli naibiwa. Nani mkweli kati yetu? Kampuni ipi ni ya kuaminiwa? Na kwa nini jambo dogo kama simu linaniuma namna hii?"

Dada yangu, pole kwa yaliyowakuta, na pole zaidi kwa mama. Swali lako lina betri ndani yake na lina moyo ndani yake, na vitu hivyo viwili vimeshikana kiasi kwamba ukijibiwa kimoja tu hutatulia. Nitaanza na betri kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nimekaa kwenye meza ya ufundi miaka mingi, simu za kambi zote zinapita mikononi mwangu, na nikishakueleza kinachotokea ndani ya simu yako utaona kwamba wewe na mdogo wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli akakigeuza rungu.

Kwa dalili ulizozieleza, simu yako haijaharibiwa na mtu. Betri imezeeka. Hukusema kama umewahi kuibadilisha, kwa hiyo nachukulia ni ileile iliyotoka nayo dukani.

Betri ya lithiamu haifanani na chupa ambayo hubaki ileile kila ukiijaza na kuimwaga. Ni kemia. Chaji inapoingia na kutoka, tabaka jembamba linajengeka ndani yake, na kadiri linavyonenepa ndivyo umeme unavyopata shida kupita. Chukua mfano wa tangi lenye maji nusu, ila bomba lake limejaa kutu. Ukifungulia kidogo kunawa mikono, maji yanatosha. Ukifungulia yote, yanakuja kwa kuchuruzika ilhali tangi lina maji. Sasa fungua kamera: kioo kinawaka, lenzi inatafuta pa kutulia, chipu inaanza kukokotoa picha, vyote vinadai umeme kwa wakati mmoja. Betri iliyochoka haiwezi kuusukuma kwa kasi hiyo, volti zinaporomoka, na simu inajizima ili isidhurike. Ile asilimia 30 uliyoiona haikuwa uongo. Chaji ilikuwemo, ila ilishindwa kutoka.

Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 na zilizoitangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 ya chaji, zikitunzwa vizuri. Kuanzia iPhone 15 mizunguko hiyo ni 1,000. Mzunguko mmoja ni matumizi ya asilimia 100 kwa jumla, hata kama umechomeka chaja mara nne kuyafikia. Anayemaliza chaji moja kwa siku anafika 500 kabla ya mwaka na nusu. Wewe unayo tangu 2019. Betri hiyo imekutumikia kupita ahadi yake.

Mdogo wako aliyapata wapi maneno yake, basi? Hakuyabuni. Mwanzoni mwa 2017 Apple ilitoa sasisho la mfumo, iOS 10.2.1, kwa simu kama iPhone 6 na 6s zilizokuwa zikizimika ghafla, ugonjwa uleule unaokusumbua wewe. Dawa iliyowekwa ndani ya sasisho hilo ilikuwa kupunguza kasi ya chipu pale betri inapokuwa imechoka, ili isidai umeme mwingi kwa mkupuo. Kama fundi naielewa dawa hiyo. Simu inayojikokota ni afadhali kuliko inayozimika katikati ya maongezi ya hospitali. Kosa lilikuwa kutomweleza mwenye mali. Mtu aliona simu imekuwa nzito, akadhani imekwisha, akaenda kununua nyingine, kumbe betri mpya ingemrudishia kasi yote.

Desemba mwaka huohuo mtumiaji mmoja alibadilisha betri ya iPhone 6s yake, akaona kasi imerudi kama siku ya kwanza, akaanika vipimo vyake hadharani. John Poole wa Primate Labs, kampuni inayotengeneza programu ya kupima kasi, akachambua vipimo vya simu nyingi na kuonyesha kwamba halikuwa jambo la mtu mmoja. Tarehe 20 Desemba 2017 Apple ikakiri. Siku chache baadaye ikaomba radhi, na huko Marekani bei ya kubadilisha betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018. Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowafahamisha wateja, na huko Marekani Apple ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wenye simu.

Kwa hiyo mdogo wako hakutunga. Ila alilikata jambo katikati akachukua nusu inayomfaa. Oktoba 2018, mamlaka ya ushindani ya Italia ilipoiadhibu Apple kwa faini ya jumla ya yuro milioni 10 kuhusu masasisho hayo, siku hiyohiyo iliitoza Samsung yuro milioni 5. Samsung ilikuwa ikiwasukuma wenye Galaxy Note 4 waweke mfumo uliotengenezwa kwa simu mpya zaidi, bila kuwaambia kwamba ungezilemea simu zao. Kambi mbili, kosa la ukoo mmoja, tarehe moja.

Na wewe, lile neno la kulipuka, nalo lina asili yake. Galaxy Note 7 ilitoka Agosti 2016, Septemba ikaanza kurudishwa kwa sababu ya betri kushika moto, zile zilizotolewa badala yake nazo zikashika moto, na Oktoba Samsung ikaacha kuitengeneza kabisa. Januari 2017 ikaeleza chanzo: betri za watengenezaji wawili tofauti, kila moja na kasoro yake ndani. Lilikuwa janga la kweli. Lakini lilikuwa la toleo moja, na limepita miaka mingi. Kumwambia mtu mwenye Samsung ya leo kuwa kabeba bomu ni sawa na yeye kukuambia kuwa iPhone yako ya 2019 inafanyiwa siri za 2017. Tangu Machi 2018, iPhone ina ukurasa wa kukuonyesha afya ya betri, mtu asikufiche. Nenda kwenye mipangilio, ingia sehemu ya betri, utauona.

Nikuambie jambo ambalo fundi huliona kila siku na shabiki halioni. Ukifungua simu za kambi hizi mbili ukaziweka chini ya taa moja, unakutana na jamaa walewale. iPhone X, iliyotoka 2017, ilikuwa na kioo cha OLED kilichotengenezwa na Samsung. Chipu za iPhone kadhaa za miaka ya mwanzo zilifuliwa kwenye viwanda vya Samsung. Na haya yalikuwa yakiendelea huku Apple na Samsung wakishtakiana kuhusu hataza, yaani haki za uvumbuzi, tangu 2011. Mwaka 2012 baraza la mahakama Marekani liliamua Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni moja, kesi ikapanda na kushuka mpaka Mahakama ya Juu, na 2018 wakamalizana wenyewe. Wakati mawakili wanarushiana makaratasi, malori ya vioo na chipu yalikuwa yakipita.

Google je, mwenye Android, mfumo unaoendesha Samsung za mdogo wako? Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi yake ilifichuka kwamba mwaka 2022 pekee iliilipa Apple dola bilioni 20 ili kitafutio chake kiwe ndicho kinachotangulia kwenye Safari, programu ya iPhone ya kufungulia tovuti. Fikiria hilo mkiwa mezani mnagombana. Kila ulipotafuta kitu kwenye simu yako mwaka ule, kampuni unayoipenda ilikuwa inalipwa na kampuni ambayo mdogo wako anadhani ni ya upande wake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hata kejeli za matangazo yao hazidumu. Samsung iliitania Apple kwa kuondoa tundu la spika za masikioni kwenye iPhone 7 mwaka 2016; mwaka 2019 ikaliondoa kwenye Galaxy Note 10. Oktoba 2020 ikaitania kwa kuuza simu bila chaja. Januari 2021 Galaxy S21 ikatoka bila chaja. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hao wanavutia kwao tu. Wanaobaki wameshikilia kejeli hizo miaka mitano baadaye ni sisi.

Sasa nije kwenye moyo, kwa kuwa umeuliza kwa uwazi nami sitaki kukupita juu juu. Huna kasoro yoyote. Kinachokupata kimechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1956 mwanasaikolojia Jack Brehm aliwaonyesha wanawake vifaa vya nyumbani, akawaomba wavipe alama kwa kadiri wanavyovipenda, kisha akamwachia kila mmoja achague kati ya viwili kimoja cha kuondoka nacho. Baadaye akawaomba wavipe alama upya. Kile walichokichagua kilipanda, walichokiacha kikashuka. Kifaa kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba sasa ni changu. Mwaka uliofuata Leon Festinger alichapisha nadharia inayoeleza hali hiyo: nafsi haipendi kubeba mawazo mawili yanayogombana, "mimi ni mtu mwenye akili" na "huenda nilinunua vibaya", kwa hiyo inalisukuma moja nje. Mara nyingi linalosukumwa nje ni la pili, na anayekuja kulirudisha ndani tunamwona adui.

Ndiyo maana neno "umeibiwa" lilikuchoma. Mdogo wako hakuitukana simu. Masikioni mwako alikuambia, mbele ya mama, kwamba kwa miaka yote hii umekuwa mjinga. Hapo mtu yeyote angejibu, na ninaamini neno lako "takataka" lilimfikia yeye kwa njia ileile.

Kuna uchunguzi mwingine ambao kila nikiukumbuka nausikitikia. Miaka ya 1970 inaanza, Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, katika makundi mawili kwa kisingizio chepesi kabisa, kwa mfano nani kapenda picha za mchoraji huyu kuliko za yule. Hawakuwa na ugomvi wala historia. Kisha wakapewa nafasi ya kugawa pesa kidogo kwa wengine. Walipendelea kundi lao, hilo tungelitegemea. Lakini wengi walikubali kundi lao lipate pungufu ya lililowezekana, mradi kundi la pili lizidiwe kwa pengo kubwa. Walilipa ili kushinda. Sasa rudia sentensi yako, dada: unaogopa kuhamia Android kwa sababu itakuwa umemwambia "umeshinda". Ukinunua simu isiyokufaa ili yeye asishinde, utakuwa umelipa kama wale wavulana, na utailipa kila siku kwa miaka mitano.

Nakuambia hivi nikijua uchungu wake. Nilikuwa na kambi yangu, kampuni sitaitaja. Toleo lake moja lilianza kunijia mezani na ugonjwa mmoja, kioo kinacheza mistari kisha kinazima. Kila mteja nilimwambia, umeiangusha. Niliamini kabisa, kampuni ile kwangu haikosei. Akaja mama mmoja na simu yake ikiwa bado na karatasi ya nailoni ya kiwandani mgongoni, haina mkwaruzo hata mmoja. Nikaifungua mbele yake. Chini ya lenzi ya kukuzia niliona lehemu imeachia kwenye chipu ya kioo, kona ya kushoto, palepale nilipopaona kwenye simu nyingine saba na kusema zimeanguka. Nilifunga kazi mapema siku ile nikaanza kuwapigia wale saba, mmoja baada ya mwingine. Wawili muda wao wa dhamana ulikuwa umekwisha kwa sababu niliwanyima hoja ya kwenda kudai. Mapenzi yangu kwa kampuni hayakuisaidia kampuni kutengeneza vizuri, na yaliwaumiza watu walioniamini.

Tangu hapo naamini jambo moja, nalo ndilo jibu langu kwa swali lako la kampuni ya kuaminiwa. Mwenye simu anayelalamika ndiye anayezifanya kampuni ziwe nzuri. Siri ya betri haikufichuliwa na mashabiki wa Samsung. Ilifichuliwa na mtu mwenye iPhone, aliyeipenda kiasi cha kuifungua na kuipima, asiyeona aibu kusema "hapa nimekosewa". Kwa sababu yake wewe leo una ukurasa wa afya ya betri. Ukiwa mteja wa kutetea tu, kampuni haina sababu ya kukusikiliza, wewe umeshauzwa. Ipende simu yako kadiri unavyotaka, lakini kampuni uiweke mbali kidogo, kama fundi ujenzi: kazi nzuri umsifu, ufa ukitokea umwite.

Uaminifu nao upimwe jambo kwa jambo. Swali la kujiuliza ni, kampuni hii inakula wapi? Google inapata sehemu kubwa ya mapato yake kwenye matangazo, kwa hiyo kukufahamu tabia zako kuna faida kwake. Ukichukua Android, pita kwenye mipangilio ya faragha siku ya kwanza kabisa, usiahirishe. Apple inapata sehemu kubwa kwenye kuuza vifaa, na ndiyo sababu ina nafasi ya kujitangaza kuwa mlinzi wa faragha. Aprili 2021 iliweka kitufe cha kukataa kufuatiliwa na programu, na kitufe hicho ni cha kweli, kitumie. Lakini zile bilioni 20 za Google nazo ni za kweli. Na usidanganywe kwamba iPhone haiingiliki. Septemba 2021 ilibidi Apple itoe sasisho la haraka kuziba tundu lililotumiwa na programu ya ujasusi ya Pegasus, iliyokuwa ikiingia kupitia ujumbe bila mwenye simu kubonyeza chochote. Watu wa kawaida hatuibiwi kwa njia hizo ghali. Tunaibiwa kwa viungo vya uongo tunavyobonyeza wenyewe, na hivyo havichagui kambi.

Basi ununue nini? Kwanza, usinunue. Badilisha betri. Najua ulitaka nikutajie simu, lakini iPhone 11 ilikuwa bado kwenye orodha ya simu zinazopokea mfumo wa iOS 26 uliotoka Septemba 2025, na chipu yake inatosha kwa kazi za kila siku. Angalia afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, au simu ikikuandikia kuwa betri inahitaji huduma, umeshapata jibu. Tafuta betri halisi kwa fundi anayetoa dhamana ya maandishi. Betri ya bei ya kutupa ni hatari, na simu za kuanzia toleo lako na kidogo nyuma yake huandika ujumbe zikiwekewa betri isiyotambulika, kwa hiyo utajua. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwako, kwa sababu nyingine pia: itakuondolea pupa ya kununua. Hakuna anayechagua vizuri akiwa na simu inayomfia mkononi na hasira ya wiki tatu kifuani.

Ikiwa betri mpya haitoshi na unataka kubaki ulipo, baki kwa sababu zako. Picha zako ziko kwenye hifadhi yao, programu ulizolipia ziko huko, mkono umezoea. Hizo ni sababu halali. Ujue tu kwamba tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 tundu la chaja ni USB-C, kwa hiyo nyaya zako za sasa hazitafaa hata ukibaki. Mwenye kukuambia "baki, kila ulichonacho kitatumika" hajaangalia.

Ukitaka kuhama, kwanza uondoe kichwani neno "Android" kama jina la simu moja. Ni mfumo unaotumiwa na kampuni nyingi, kwenye simu za bei ya chini kabisa na za bei ya juu kabisa. Mashabiki wengi wa iPhone hulinganisha iPhone ya bei kubwa na Android waliyoikuta mikononi mwa mtoto, kisha wanatoa hukumu. Linganisha za bei moja. Kisha uliza swali ambalo wauzaji hawalipendi: simu hii itapokea masasisho ya usalama mpaka mwaka gani? Google iliahidi miaka 7 kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, Samsung ikaahidi 7 kuanzia Galaxy S24 ya mwaka 2024. Simu nyingi za bei ya chini haziahidiwi muda kama huo, hata zikitoka kampuni hizohizo. Apple kwa kawaida hailitangazi kwa sauti, ila ina rekodi nzuri: iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipata sasisho la usalama Januari 2023. Mimi ningeipa hoja hii ya miaka uzito kuliko megapikseli zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Kuhama kuna gharama zake ambazo hazimo kwenye bei. Programu ulizolipia hazihami nawe. Mazungumzo ya WhatsApp yanahama, lakini yanahitaji utaratibu, na mara nyingi simu mpya inatakiwa iwe haijaanza kutumika, kwa hiyo usiiwashe na kuichezea kabla. Na kuna kosa moja ninalolirekebisha mara kwa mara: mtu anatoa laini kwenye iPhone, anaiweka kwenye simu mpya, kisha anashangaa ndugu zake wenye iPhone wanamwandikia na hapati kitu. Jumbe zinaendelea kwenda kwenye iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple yenyewe. Zima iMessage kwenye simu ya zamani ukiwa bado na laini ndani yake, ndipo uitoe. Zile rangi za jumbe kwenye iPhone, bluu kwa wenye iPhone na kijani kwa wenye Android, zisikutishe sana. Tangu iOS 18 ya Septemba 2024 iPhone inapokea mfumo wa ujumbe wa RCS, na picha kati ya kambi mbili hazifiki tena zikiwa ukungu kama zamani, mradi mtandao wako wa simu unaukubali.

Kuna hali moja ambayo hairuhusu kusubiri wala kusoma zaidi. Weka simu yako juu ya meza iliyo sawa, kioo juu, uitazame kwa upande. Ukiona kioo kimeinuka ukingoni, au mwanga unapenya kati ya kioo na fremu, au simu inayumba kama imekalia kokoto, betri imevimba. Usiichaji tena. Usikibonyeze kioo ili kirudi. Usijaribu kuitoboa wala kuifungua mwenyewe. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, umpelekee fundi leo hii. Hili nakuambia kwa simu yoyote ile, yako au ya mdogo wako. Lithiamu haijui nembo. Kama bado inawaka vizuri bila uvimbe, kabla ya kumpa fundi hifadhi picha zako mahali pengine na uhakikishe unalijua neno la siri la akaunti yako. Nimewaona waliopoteza picha za wazazi waliotangulia kwa kusahau hatua hii.

Kuhusu mdogo wako, mimi ni fundi wa simu na sitajifanya zaidi ya hapo. Kama wiki tatu hizi zimefukua mambo ya zamani kuliko simu, nani alipendelewa, nani alidharauliwa, hayo yanahitaji mkubwa wa familia akae nanyi, na mama asiwe ndiye mwamuzi kwa sababu ameshaumia. Kama ni ya simu tu, ningeanza kwa kumwambia kwamba la mwaka 2017 alikuwa sahihi, na kwamba la kulipuka ulikosea. Huhitaji kusubiri yeye aseme la Italia. Kisha mwombe akusindikize kwa fundi. Watu wa Samsung wengi ninaowafahamu wanapenda kuona simu ikifunguliwa, hata kama si yao.

Mkifika huko, kabla betri haijatolewa, fundi awaonyeshe ukurasa wa afya yake na muiandike namba iliyopo. Ikiwa chini ya 80, ugonjwa ulikuwa betri na kamera itafunguka haraka mara tu mpya itakapowekwa. Ikiwa juu ya 85 na bado simu inazimika, fundi asiuze betri siku hiyo. Aangalie kwanza kebo ya betri na mzunguko wa umeme kwenye bodi, na wewe uniandikie tena ukinipa namba hiyo.